Mwaka Tuliomrudisha Mtoto Kupasuliwa

Sista, mtawa muuguzi wa zahanati yetu, alinivalisha mwenyewe ile mipira yake ya kusikilizia, akaweka kile kisahani cha baridi mgongoni mwa binti yangu, chini ya bega la kushoto, akasema, "Sikiliza, mama."

Nikasikia mashine ya kusaga.

Ndivyo tulivyouita mlio ule tangu mwanzo, mimi na Sista. Moyo wa mtoto mzima hugonga na kunyamaza, hugonga na kunyamaza. Moyo wa binti yangu, kabla hajapasuliwa, haukujua kunyamaza. Ulivuma bila kukoma, kama mashine ya kusaga unapoisikia ukiwa kijiji cha pili. Alipokuwa na miaka miwili walimpasua ubavuni, wakakuta mshipa ambao ulipaswa kujifunga wenyewe alipozaliwa, wakaufunga kwa uzi. Tuliporudi nyumbani Sista alinipa mipira hiyo hiyo nisikilize, na kwa mara ya kwanza nikausikia moyo wa mwanangu ukipumzika kati ya mapigo. Nililia mbele ya wagonjwa wote.

Sasa alikuwa na miaka minne, na mashine ilikuwa imerudi.

"Labda mipira imeharibika," nilisema.

Sista hakubishana. Alichukua kile kisahani akakiweka kifuani kwangu. Moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio, lakini ulikuwa unagonga na kunyamaza.

"Uzi umelegea," alisema. "Mshipa umefunguka tena. Hutokea, ingawa si mara nyingi. Itabidi wamfungue mara ya pili."

Binti yangu alisimama pale na chupi yake, mbavu zote zikihesabika, akitazama kinywa cha Sista, kisha changu, kisha cha Sista. Alijua limetokea jambo. Lipi, hakujua, kwa sababu hakuwa amesikia neno hata moja. Hakuwahi kusikia chochote tangu azaliwe.

Mimi ni Mhangaza wa Nyamiaga, kwetu ni wakulima na Wakatoliki tangu babu. Mume wangu ni Msukuma. Wazazi wake walitoka Shinyanga na ng'ombe wao wakatafuta malisho Biharamulo. Mwaka ule wa kuhamia vijijini tulipakiwa kwenye lori pamoja na vyungu na kuku, tukashushwa Kaniha kwenye mstari wa viwanja ambavyo havikuwa na nyumba, bali vigingi tu. Nilikuwa na mimba changa. Watoto wengi ndani ya lori walikuwa na vipele vidogo vidogo, na baada ya muda nami nikavipata. Vilikaa kidogo vikaondoka, sikuviwaza tena. Lakini daktari wa kwanza aliyempima binti yangu aliniuliza kabla sijamweleza lolote: "Mimba ikiwa changa, ulitokwa na vipele?" Nilidhani ni mpiga ramli. Akanieleza kwamba ugonjwa ule mdogo kwa mama hula masikio na moyo wa mtoto aliye tumboni.

Masikio tulikuwa tumeshayajua. Nyumbani kwetu mama mkwe alisema Kisukuma, mimi nilimbembeleza mtoto kwa Kihangaza, na mimi na mume wangu tulisemeshana Kiswahili. Mtoto hakuitikia hata lugha moja. Halafu siku moja mafundi waliokuwa wakiezeka shule waliangusha bati nyuma yake kabisa. Mbuzi walikata kamba. Mimi nilipiga kelele. Yeye aliendelea kujaza udongo kwenye kifuu.

Kwa hiyo Sista alipokuwa akinieleza yale ya kufanya kabla ya kumrudisha hospitali, mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu: nitamwambiaje?

Sista alitaka anenepe kwanza. Uji wa mtama na karanga, maziwa, mayai, hata kama hataki. Dawa ya minyoo. Kidonge cha malaria kila juma. Jino lake moja lililooza ling'olewe, maana usaha wa jino unaweza kushuka mpaka moyoni. Na wapatikane ndugu wawili wa kutoa damu. Mume wangu alipima, damu yake ikafaa. "Mmoja tumempata," Sista alisema.

Mume wangu hatukukaa naye sana. Redio ya ofisi ya kijiji ilitangaza kwamba adui amevuka mpaka, kule kaskazini ya mkoa wetu, na ameua watu na kuswaga ng'ombe. Watu walisimama nje ya ofisi. Mimi nilikuwa na debe la maji kichwani na nikabaki nalo hivyo hivyo mpaka shingo ikaanza kutetemeka. Mume wangu alikuwa mgambo. Wiki haikuisha, lori likaja.

"Nani atatoa damu?" nilimwuliza akiwa anafunga kamba za viatu. Nilikuwa na mengine ya kusema kwa mtu anayekwenda vitani, lakini hilo ndilo lililotoka.

"Mwambie Sista anikamue sasa hivi, niiache kwenye chupa."

"Haikai muda mrefu hivyo."

"Basi sijui, mama watoto. Sijui."

Alimbeba binti yetu mpaka barabarani. Mtoto alidhani wanakwenda wote. Lori lilipoondoka alikuwa bado amenyoosha mikono.

Mama mkwe hakuwa ameafiki safari ya hospitali tangu mwanzo. Kwake moyo ulikuwa mahali pa wahenga, na mara ile ya kwanza alikubali kwa sababu mwanawe aliomba. Jioni ile tulipokuwa tukipukuchua mahindi alisema bila kuniangalia, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, huyu dakitali wenu alifungua akafunga. Sasa anataka afungue tena. Kwani ni ghala?"

"Asipofunguliwa atakufa, mama."

"Nani kasema?"

"Sista."

"Na akifunguliwa akafa?"

Tukaendelea kupukuchua. Binti yangu alikuwa kati yetu, akichagua magunzi makubwa na kuyavika vitambaa, kama wasichana wote wanavyofanya. Niliona huo ndio wakati wa kujaribu. Nikamgusa bega anitazame. Nikafanya usukani kwa mikono: gari. Nikachora hewani nyumba ndefu. Nikalaza shavu kwenye kiganja: kulala. Nikamwonyesha kovu lake mwenyewe, lile lililoanza chini ya kwapa la kushoto na kuzunguka mpaka mgongoni.

Alinitazama muda mrefu. Kisha akachukua gunzi lake, akalilaza chali juu ya kipande cha ubao. Akachomoa nyuzi za katani kwenye gunia. Akalifunga gunzi mkono wa kulia kwenye ubao, mkono wa kushoto kwenye ubao. Mikono yenyewe ilikuwa vijiti. Alikaza fundo kwa meno. Halafu akapitisha ukucha ubavuni mwa lile gunzi, upande wa kushoto, kuanzia chini ya mkono mpaka nyuma, taratibu, mpaka kitambaa kikachanika. Alipomaliza alifungua kinywa chake wazi kabisa, uso mzima ukajikunja, bila sauti. Kisha akasimama. Akaenda mlangoni, akatupa mgongo, akatoka.

Akarudi, akaninyooshea kidole. Aliyetoka mlangoni ni mimi.

Mama mkwe alikuwa ameacha mahindi. "Nani kamfundisha haya?" aliuliza.

"Hakuna."

"Walimfunga mikono?"

"Sijui, mama. Hatukuruhusiwa kuingia."

Ni kweli hatukuruhusiwa. Hospitali ile ni kubwa na iko mbali, jina lake nitaliacha. Mzazi alimkabidhi mtoto mlangoni mwa wodi na kumpokea mlangoni siku ya kuruhusiwa. Katikati aliambiwa tu kwamba anaendelea vizuri. Kila mtu aliniambia mtoto wa miaka miwili hakumbuki kitu. Nami nilikuwa nimejionea mambo nikashindwa kuyaelewa: kwamba tangu siku ile hakukubali kuvaa shanga mkononi, kwamba nikimshika kiwiko kumvusha mto alikuwa akijitupa chini kama nimemchoma moto. Tulisema ana kiburi. Kumbe miaka miwili yote alikuwa na habari nzima ndani yake, kila kitu kwa mpangilio, na hakuwa na lugha ya kumwambia mtu.

Asubuhi nilikwenda kwa Sista na ule ubao. Gunzi lilikuwa bado limefungwa. Alilishika, akaligeuzageuza, uso ukamwiva.

"Watoto hufungwa ili wasichomoe mpira unaotoa damu na maji kifuani," alisema hatimaye. "Mpira ukitoka, hewa inaingia, mtoto anaweza kufa. Mkubwa unamweleza. Mdogo unamfunga."

"Na asiyesikia?"

"Asiyesikia, nani angemweleza?"

"Mimi," nilisema.

Tangu siku hiyo tulianza mchezo. Sista alinifundisha nini hasa kitamtokea, hatua kwa hatua, nami nikarudi nyumbani kumfundisha mtoto. Nilikata bua la jani la mpapai lililo wazi katikati, nikaliweka ubavuni mwake, nikalizungushia kitambaa. Akilivuta, nilitikisa kichwa na kulirudisha. Akiliacha, alipata njugu. Mwanzoni alilivuta na kulivunja na kulitupa kwa kuku. Siku moja nikalala mimi kwenye mkeka nikajifunga bua, naye akawa daktari. Alinikagua kwa ukali sana. Nilipojifanya nataka kulivuta alinipiga kofi mkononi, akatikisa kichwa kama nilivyomtikisia, na mashavu yake yalijaa kicheko. Baada ya hapo alikubali lake.

Sista alisema akishaamka lazima apumue kwa nguvu, mapafu yasilale. Basi tukapuliza manyoya ya kuku. Tuliyapanga ukingoni mwa kigoda, yeye upande huu, mama mkwe upande ule, na aliyepeperusha yote alishinda. Mama mkwe alikuwa hataki safari, lakini mchezo aliupenda. Mtoto alichoka haraka kuliko bibi. Midomo ilimbadilika rangi, akalala kifudifudi akitweta. Hapo mama mkwe alikuwa akinitazama, na mimi namtazama.

Shida ilibaki mikono. Nilimshika viwiko kidogo kidogo, kwa kidole kimoja kwanza, halafu viwili, kama mtu anayezoesha ndama kamba. Nilimwonyesha: si kamba, ni mikono yangu. Nilimwonyesha: mimi siendi mlangoni, nakaa hapa. Nikakaa chini karibu na gunzi, nikalishika vijiti vyake. Alinitazama kwa mashaka. Sikuwa na haki ya kumwahidi, maana hakuna aliyeniruhusu kukaa, lakini niliahidi.

Siku ya kuondoka mama mkwe alitoka ndani amevaa kanga mpya na kushika kifurushi. "Mlisema damu mbili," aliniambia. "Mwenye damu yupo vitani. Mimi ndiye niliyemzaa."

Nilimpokea kifurushi.

Tulisubiri gari Lusahunga, njia panda. Mabasi yalikuwa hayapiti. Magari yote mazuri yalikuwa yamechukuliwa kwa ajili ya vita. Malori yalipita yamejaa wanajeshi na magunia, vumbi likatufunika mpaka kope. Binti yangu aligundua kwamba akiweka kiganja ardhini anajua lori linakuja kabla halijaonekana kilimani. Alianza kutuonyesha kwa kidole upande litakakotokea, na kila mara alipatia, mpaka wauza ndizi wakawa wanamtazama yeye badala ya barabara. Dereva mmoja wa lori la pamba lililokuwa likirudi tupu alisimama kununua ndizi, akauliza mtoto yule anafanya nini. Nilimweleza hayo na mengine yote. Alisikiliza, akamwambia utingo wake apande nyuma ili sisi tukae mbele.

Hospitalini muuguzi mkuu wa wodi alinisikiliza akiwa amesimama. "Shikamoo" yangu aliitikia, lakini ombi langu hakuliitikia. "Mama, kila mzazi angependa kukaa. Utaratibu ni utaratibu. Na sasa tuna majeruhi."

"Mwanangu hasikii."

"Ndiyo sababu tunamfunga."

Daktari mpasuaji alipita kuwaona wagonjwa. Ni yule yule wa mara ya kwanza. Nilikuwa nimejipangia maneno mengi, lakini binti yangu alimtambua kabla sijafungua kinywa. Nilimwona anavyokakamaa. Nilingoja kilio. Badala yake alitoa gunzi kwenye kifurushi cha bibi yake, ambamo sikujua kuwa limo, akalilaza kitandani mbele ya daktari. Akalifunga mikono. Akapitisha ukucha ubavuni, pale pale ambapo yule bwana alikuwa amepitisha kisu. Akafungua kinywa. Kisha, jambo ambalo sikumfundisha, akafungua mafundo yote mawili, akaviweka vile vijiti mikononi mwangu, akamtazama daktari machoni, akangoja.

Daktari alichomeka kalamu yake mfukoni.

"Alikuwa na umri gani?" aliuliza.

"Miaka miwili."

"Miaka miwili," alirudia. Alivua miwani, akaifuta kwenye koti, akaivaa, akaivua tena. "Sikujua," alisema, sijui kwa nani. Halafu akamgeukia muuguzi. "Mama atakaa. Mikono ataishika yeye."

Damu ya mama mkwe ilifaa. Alinyoosha mkono, akageuza uso ukutani, na walipomaliza aliuliza kama hiyo tu inatosha au waongeze. Yangu pia waliichukua.

Asubuhi ya upasuaji binti yangu alikwenda kwa miguu yake mpaka mlango wa chumba, mimi nikiwa nyuma. Pale walinisimamisha. Hilo nilikuwa nimemchezea: mlango mmoja ambao mimi siingii, bali nakaa nje kumngoja. Alinitazama, akanionyesha sakafu kwa kidole: kaa. Nikakaa chini, hapo hapo kwenye saruji, na wahudumu wakawa wananiruka.

Walikuta uzi umelegea kama Sista alivyosema. Mara hii waliukata ule mshipa katikati na kushona pande zote mbili. Daktari aliniambia palivuja damu kuliko walivyotarajia, kwa sababu kovu la kwanza lilikuwa limegandana na pafu, na kwamba chupa zote mbili zilitumika. Aliposema hivyo mama mkwe alitazama mkono wake mwenyewe, pale penye pamba, kwa mshangao.

Binti yangu alizinduka mchana. Mpira ulikuwa unatoka ubavuni ukiingia kwenye chupa sakafuni. Nilimwona mkono wake wa kulia ukiinuka kuelekea pale. Nilikuwa nimemshika lakini sikukaza, niliogopa kukaza. Mkono ulifika, vidole vikaugusa mpira, vikaupapasa. Muuguzi alipiga hatua. Binti yangu akautazama mpira, akanitazama mimi, akatikisa kichwa polepole: usivute. Akaurudisha mkono ndani ya wangu, akafumba macho.

Muuguzi mkuu akaleta kigoda akaniwekea nyuma yangu.

Siku zilizofuata alipuliza manyoya. Hatukuwa na ya kuku, tulichomoa ya mto. Watoto wengine wa wodi wakadai nao.

Vita viliisha. Mume wangu alirudi Kaniha na lori, mchana, tukiwa shambani, amekonda na ana ndevu. Binti yake alimkimbia akajificha nyuma ya bibi, na ilichukua siku nyingi kabla hajakaa tena kwenye goti lake. Mwaka uliofuata tulipata nafasi katika shule ya watoto viziwi, mbali na kwetu. Likizo ya kwanza alirudi na ishara ambazo sisi hatukuzijua, akatukalisha, akaanza kutufundisha, bibi yake akiwa mwanafunzi mzito kuliko wote. Ndipo nilipojua kuna mambo mangapi alikuwa ameyaona. Alinisimulia lile lori la pamba, rangi ya shati la dereva, mwanajeshi aliyekuwa akilia peke yake nje ya wodi. Kila alichosimulia kilinishtua upya.

Leo ni fundi cherehani, ameolewa. Alipopata mimba madaktari walitazama makovu yake mawili wakaniita pembeni wakinionya. Alijifungua salama, mtoto wa kike. Nilikuwepo. Mtoto alilia kwa nguvu mpaka mkunga akacheka. Binti yangu alikiona kile kinywa kidogo kilivyofunguka, akanigeukia, akaniuliza kwa mikono:

"Sauti yake ikoje?"

Niliinua mikono nimjibu, nikaikuta haijui.